Wiki Nane za Kifaranga: Namna ya Kumnyima Mwewe Windo Kitale na Bungoma

Ikifika Januari, mashamba ya Kiminini na Kwanza, karibu na Kitale, huwa matupu. Mahindi yamevunwa, mabua yamekatwa na kulishwa ng'ombe, na trekta bado halijaingia kulima. Ndiyo miezi ambayo kuku akitoka bandani na vifaranga wake huonekana kutoka mbali, na hakuna anayemwona vizuri kuliko mwewe anayezunguka juu bila kupiga bawa. Akishuka, hushuka mara moja. Kuku hupiga ukelele, watoto hutoka mbio wakigonga makopo na kurusha mawe, lakini ndege ameshavuka ua na kifaranga yuko kwenye kucha zake.

Hasara hiyo si ndogo magharibi ya Kenya. Kwa Waluhya, ingokho, yaani kuku, ndiye heshima ya mgeni, na hata firigisi ina mtu wake mezani. Kuku pia ni fedha ya haraka, na mara nyingi fedha hiyo iko mikononi mwa mama wa nyumba. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa huuzwa kwa zaidi ya shilingi 1,000, na Desemba, jamaa wanaporudi kutoka Nairobi, bei hupanda. Kifaranga anayebebwa akiwa na wiki moja ni sare ya shule iliyopotea kabla haijanunuliwa.

Hata hivyo, mwewe anazuilika. Ana uzito wake, msimu wake na njia yake ya kuwinda, na mfugaji anayeyajua hayo huweza kukuza sehemu kubwa ya vifaranga wake bila kuua ndege hata mmoja.

Wezi na wanaosingiziwa

Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Mji wa Bungoma uko chini zaidi, kwenye mita 1,400 hivi. Katika eneo hili misitu, mashamba, mito na masoko vimekaribiana, kwa hiyo ndege wawindaji ni wa aina nyingi. Vijijini wengi wao huitwa mwewe tu, na wote hupigwa mawe kwa kosa la mmoja.

Mwizi wa kwanza ndiye mwewe mwenyewe: ndege wa kahawia mwenye mabawa marefu na mkia wenye panda, ambao huusokota huku na huku akiwa hewani. Mwenye mdomo wa njano huzaliana hapahapa Afrika. Mwenye mdomo mweusi ni mgeni anayekuja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Wote wawili hupenda kukaa karibu na watu, kwenye vichinjio, masoko, majaa ya taka na nyuma ya trekta linalolima. Hula mizoga, panya, kumbikumbi na chochote kinachonyakulika. Huja kutoka juu, mahali pa wazi, na mara nyingi hula wakiwa bado wanaruka.

Kipanga mweusi ana mtindo mwingine. Mgongo wake ni mweusi na kifua aghalabu ni cheupe, na hupenda mikaratusi mirefu, ambako pia hujenga kiota. Huyu hazunguki angani. Hutoka mtini ghafla, akaruka chinichini akifuata ua au ukuta wa nyumba, na kumfikia kuku kabla hajainua kichwa. Jike lake hukaribia kilo moja, na huweza kumuua hata kuku mchanga aliyekwisha kuota manyoya yote. Karibu na misitu ya Elgon yuko nduguye mdogo anayewinda vifaranga na ndege wadogo kwa hila hiyohiyo.

Wa tatu ni ndege mkubwa wa kijivu mwenye uso wa njano usio na manyoya. Miguu yake hupinda mbele na nyuma, na huitumia kuchokora mashimo ya miti na viota vya ndege wengine. Kuku anayeangua vichakani, mbali na nyumba, humrahisishia kazi.

Wapo pia wanaosingiziwa. Kandokando ya barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye, juu ya nguzo za stima, si ajabu kumwona tai mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani, kinachopeperuka kila upepo unapovuma. Chakula chake kikuu ni panya. Mwenzake ni yule ndege mnene mwenye mkia wa rangi ya kutu, ambaye hukamata fuko, panya na nyoka. Katika kaunti ya Trans Nzoia, inayotegemewa na taifa zima kwa mahindi, ndege hawa wawili hupunguza panya kabla hawajafika ghalani. Anayewatungua kwa manati anajiongezea hasara.

Na kabla ya kumlaumu yeyote mwenye mabawa, mfugaji mzoefu huangalia alama. Kifaranga akitoweka mchana bila alama yoyote, au yakibaki manyoya machache mahali pa wazi, ndege anashukiwa. Kuku kadhaa wakikutwa wamekufa asubuhi ndani ya banda, baadhi wameliwa kichwa tu, huyo ni kanu, kicheche au mnyama mwingine wa jamii hiyo. Vifaranga wakipungua mmojammoja usiku na ukuta una mashimo, ni panya. Kenge na nyoka hufuata mayai. Kunguru mwenye shingo nyeupe naye hubeba mayai na vifaranga wa siku chache.

Hesabu ya uzito

Mwewe mzima ana uzito wa kati ya gramu 600 na 900 hivi. Ndege wa kiasi hicho hawezi kupaa vizuri na mzigo unaokaribia uzito wake mwenyewe, kwa hiyo huchagua windo dogo. Kifaranga wa siku moja ana gramu 30 au 40. Hata akiwa na wiki tatu bado ni mzigo mwepesi. Lakini kienyeji aliyelishwa vizuri, akifika wiki ya nane, huwa anaelekea nusu kilo, ana mbawa za kumsaidia kukimbia, na ameshajifunza mlio wa hatari. Mwewe humtazama akapita.

Hesabu hiyo humwondolea mfugaji mzigo mkubwa. Hana haja ya kupigana na mwewe mwaka mzima. Ana wiki nane za kulinda kwa kila uzao, na kati ya hizo wiki nne za mwanzo ndizo za roho mkononi. Kipanga mweusi huendelea kuwa tishio baada ya hapo, lakini yeye hutegemea kujificha, na dawa yake iko mbele katika makala haya.

Kalenda ya mahindi na kalenda ya mwewe

Mkulima wa Kitale hupanda mahindi mvua zinapoanza, Machi au Aprili, na huvuna kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kuanzia Juni hadi Septemba mahindi yamesimama marefu kuliko mtu, na kuku wanaotembea chini yake hawaonekani kutoka juu. Baada ya mavuno kificho hicho huondoka chote kwa pamoja.

Miezi hiyohiyo ndiyo mwewe wa kigeni huwa wamefika. Ndege wawindaji kutoka Ulaya na Asia huingia Afrika Mashariki kuanzia Oktoba na kurudi kwao Machi na Aprili. Kwa maneno mengine, ardhi inabaki uchi wakati idadi ya ndege angani imeongezeka. Vifaranga walioanguliwa Desemba au Januari wakaachwa wajitafutie huingia katika miezi mibaya kuliko yote.

Kwa bahati nzuri, soko nalo linamwelekeza mfugaji kwenye miezi salama. Jogoo wa kienyeji huhitaji takriban miezi sita ili awe na mwili wa kuuzwa. Anayetaka kuuza Krismasi anapaswa kuwa na vifaranga Juni. Kuku huatamia siku 21, kwa hiyo mayai huwekwa katikati ya Mei. Vifaranga hao watatoka kizimbani Agosti, mahindi yakiwa bado yamesimama. Bungoma, ambako wengi hupanda mara mbili kwa mwaka, kificho hudumu kwa muda mrefu zaidi. Tahadhari moja: mahindi yanayomficha kuku humficha pia nguchiro, kwa hiyo ni bora kundi lizoeshwe kula kwenye mistari iliyo karibu na nyumba.

Kupanga miezi namna hii kunawezekana kwa sababu kuatamia kunaweza kupangwa. Maafisa wa ugani wamekuwa wakiwafundisha wafugaji kuwaatamisha kuku kadhaa kwa siku moja. Kuku anayewahi kukaa kitako huachiwa mayai machache ya kumshikilia, na mayai ya kuangua huhifadhiwa mahali penye ubaridi kwa muda usiozidi wiki moja hivi. Wenzake wakiwa tayari, wote huwekewa mayai jioni moja. Vifaranga wakitoka pamoja hukabidhiwa kuku mmoja au wawili walezi, na wengine hurudi kutaga. Badala ya kulinda makundi matano ya umri tofauti yaliyotawanyika uani, mfugaji analinda kundi moja mahali pamoja.

Kizimba, kamba na vichaka

Kinga ya kwanza na ya uhakika ni kizimba. Fremu ya fito au mbao, urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kimo cha nusu mita, ikizungushiwa waya wa kuku pande zote na juu, humtosha mlezi mmoja na vifaranga wake kwa wiki za mwanzo. Upande mmoja huezekwa kwa bati au nyasi ili wapate kivuli na mahali pa kukimbilia mvua. Kikiwa chepesi, watu wawili hukibeba na kukisogeza kila asubuhi kwenye majani mapya, na kinyesi hakirundikani. Asiye na fedha ya waya anaweza kutumia tenga kubwa la kufumwa, likafunikwa juu ya kuku na vifaranga na kuwekewa jiwe.

Kufungia vifaranga kuna gharama zake, na anayeanza azijue. Vifaranga waliofungwa hawajitafutii wadudu, hivyo lazima wapewe chakula chenye protini: chakula cha vifaranga cha dukani, dagaa waliosagwa, au mchwa, ambao magharibi ya Kenya hawakosekani. Maji yabadilishwe kila siku. Sakafu ikiachwa na unyevu, ugonjwa wa kuhara damu huwamaliza haraka kuliko mwewe. Kwa upande mwingine, kundi lililo kizimbani ni rahisi kuchanjwa. Newcastle, ambayo wengine huita kideri, huua kuku wengi wa vijijini, na chanjo yake hutengenezwa humu nchini na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo. Tone moja kwenye jicho la kila kifaranga huchukua dakika chache wakiwa wamefungwa. Wakiwa wametawanyika shambani ni kazi ya siku nzima.

Kinga ya pili ni kamba juu ya ua. Mwewe aliyekunjua mabawa ana upana wa karibu mita moja na nusu, na hushuka akiwa ameyatandaza. Kamba za katani au nailoni zilizotandwa kutoka nguzo hadi nguzo, kila moja ikiwa nusu mita kutoka mwenzake, humharibia njia ya kushukia na kupandia. Wengi hufunga juu yake vitu vinavyomeremeta, kama sidii kuukuu au mikanda ya kaseti za zamani. Mng'ao huo husaidia siku za mwanzo, kisha ndege huzoea, kwa hiyo vitu hivyo vihamishwe mara kwa mara. Kamba zenyewe hazizoeleki, kwa kuwa ni kizuizi cha kweli.

Kamba hazimzuii kipanga mweusi, ambaye ni mwembamba zaidi na huja kutoka ubavuni. Kwake yeye panahitajika wavu. Wavu wa kuvulia uliochakaa, ukikazwa vizuri juu na pembeni mwa ua mdogo, hufanya kazi hiyo. Usiachwe ukining'inia, maana bundi au hata kuku mwenyewe atanasa. Pia matawi makavu yaliyo juu ya ua yakatwe, kwa sababu ndiyo viti vya kuvizia.

Kinga ya tatu huota yenyewe. Kuku ni ndege wa vichakani kwa asili, na akiona kivuli cha mwewe hutafuta cha kuingia chini yake. Ua uliofyekwa ukawa mweupe, jinsi wengi wanavyopenda uwe safi, haumpi pa kukimbilia. Mstari wa nyasi ya nepia, migomba michache, kayaba la uzio lililoachwa lifike chini, au mikaliandra iliyopandwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, vyote ni maficho. Kipimo chepesi ni hiki: kutoka mahali popote anapokula, kifaranga afike kwenye kificho kwa hatua chache tu za mtu mzima. Pasipo na mimea, meza kuukuu au fremu ya kitanda iliyoezekwa majani na kuwekwa katikati ya ua hutosha.

Baadhi ya wafugaji hupaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue kuwa windo. Ni rahisi na haiwadhuru ikiwa rangi si ya sumu, lakini mwewe ni ndege mwerevu anayejifunza, na rangi peke yake isifanywe tegemeo. Rangi ya asili ina maana yake pia. Kuku weupe huonekana kutoka mbali kwenye udongo mwekundu, na wale wa madoa na kahawia hupotea machoni.

Jogoo mlinzi

Mlinzi mzuri kuliko sidii na kaseti mara nyingi yupo tayari bomani. Mwaka 1987, watafiti Marcel Gyger, Peter Marler na Robert Pickert walichapisha utafiti kuhusu milio ya hatari ya jogoo wa kufugwa, na walionyesha kwamba ana milio miwili tofauti: mmoja wa adui wa angani na mwingine wa adui wa ardhini. Mwaka 1993, Christopher Evans, Linda Evans na Marler walicheza milio hiyo kwa kuku waliokuwa peke yao, bila kuwaonyesha adui yeyote. Waliposikia mlio wa angani, walikimbilia kificho au kujikunyata na kutazama juu. Waliposikia wa ardhini, walisimama wima na kukagua pande zote. Kuku walielewa hatari ilikuwa wapi kwa kusikia tu.

Utafiti wa kundi hilohilo ulionyesha kwamba jogoo hupiga mlio wa mwewe zaidi akiwa na mitetea karibu kuliko akiwa peke yake. Kwa mfugaji wa Chwele au Kimilili, huko Bungoma, maana yake ni kwamba kuuza majogoo wote Desemba na kubaki na mitetea pekee ni kuondoa ulinzi katika miezi ya hatari kubwa. Abakishwe angalau mmoja mzee mwenye macho makali. Kanga na bata bukini nao ni wepesi kupiga kelele wanapoona kitu kigeni. Mbwa aliyezoea kuku, anayelala uani mchana, humfanya kipanga afikiri mara mbili.

Milio hiyo haina faida pasipo na kificho. Jogoo akionya na hakuna kichaka, vifaranga hawana pa kwenda.

Sumu huzidisha hasara

Wapo wanaochoka wakatia sumu kwenye kifaranga aliyekufa na kumwacha wazi kama chambo. Matokeo yake husambaa. Mbwa hula, paka hula, tai mla panya hula, na sumu huingia udongoni na majini. Kenya imeshaonja uchungu huo. Furadan, dawa ya wadudu iliyokuwa ikipatikana kwa urahisi madukani, ilitumika kuua simba na tai mizoga hadi kampuni ya FMC iliyoitengeneza ikaiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009. Karibu zaidi na Bungoma, katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, kaunti ya Busia, mtafiti Martin Odino alionyesha jinsi ndege wa porini walivyokuwa wakitegwa kwa sumu hiyo kisha kuuzwa kama kitoweo.

Ndege wawindaji wenyewe wamepungua vibaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ukiongozwa na Darcy Ogada wa shirika la The Peregrine Fund, ulilinganisha idadi ya ndege waliohesabiwa kando ya barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na waliohesabiwa kati ya 2003 na 2020. Aina 19 kati ya 22 zilikuwa zimepungua. Miongoni mwa walioathirika zaidi ni tai mwenye kishungi na yule wa mkia wa kutu, walewale wala panya, ambao wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Sumu, nyaya za umeme na kupotea kwa makazi yao vinachangia.

Sheria nayo iko wazi. Ndege hawa ni wanyamapori, na kuwaua bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Sheria hiyo hulipa fidia kwa mifugo iliyouawa na simba, chui, fisi na wanyama wengine waliotajwa, lakini mwewe na tai hawamo katika orodha hiyo. Mfugaji wa kuku hana wa kumdai, kwa hiyo ulinzi uko mikononi mwake mwenyewe.

Maafisa wa mifugo wa Trans Nzoia na Bungoma wanaweza kusaidia sana kwa jambo moja dogo: kila mafunzo ya kuku wa kienyeji yaambatane na kizimba kimoja kilichojengwa mbele ya wafugaji, kwa fito na waya wa bei ya mahali hapo, ili kila mmoja arudi nyumbani akijua vipimo. Mfugaji naye asisubiri mafunzo. Ajenge kizimba sasa, kabla kuku hajaanza kuatamia, apande nepia au kaliandra ukingoni mwa ua mvua zikianza, aweke mayai katikati ya Mei na kumbakisha jogoo mmoja mzee. Vifaranga wakitimiza wiki nane, awafungulie.